Dkt. Eustadia Ndayizeye, Aliyeisimamisha Chanjo ya Igalula

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu, jirani na marafiki mliofika hapa Ulyankulu, shikamooni wakubwa, na poleni nyote. Mimi ni Jonasi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Eustadia alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Ulyankulu, mtoto wa kwanza wa mzee Viktori na mama Ange, waliofika nchini wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, na mwezi Mei 1986 kaka yetu Modesti, aliyemfuata yeye kuzaliwa, alishikwa na homa, akapata degedege, akapoteza fahamu na kufariki njiani akipelekwa hospitali. Hakuna aliyeweza kutuambia kilichomuua, na Eustadia alipozidi kuuliza, mama alimwambia, "Mwanangu, soma, labda wewe ndiye utakayetujibu."

Alisoma sekondari mjini Tabora, kisha udaktari wa mifugo Morogoro, akahitimu mwaka 2000. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na mwalimu Octavian katika parokia hii, wakajaliwa Julieth na Nestory. Nyumbani alikuwa mpole, ila kopo lenye maji yaliyotuama hakulivumilia, alilimwaga hata akiwa mgeni kwenu, hata kama mlikuwa mmetia maua.

Kuanzia mwaka 2009 alifanya utafiti wa virusi vinavyoenezwa na mbu na kushambulia ubongo. Virusi hivyo ni ndugu, na yeye na mwenzake, Dkt. Sabiri, walitumaini kwamba chanjo ya kimoja ingewakinga watu dhidi ya kingine. Mwaka 2017, watu wa Igalula wakiwa wamekwisha kukubali kuchanjwa kwa majaribio, Eustadia aliona jambo katika panya wa maabara: kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea baada ya chanjo, zilipokuwa nyingi, panya walikingwa dhidi ya virusi vyote viwili, lakini zilipopungua, zilishikamana na kile kirusi ndugu bila kukiua, zikakisaidia kuingia mwilini, na panya waliochanjwa wakaugua zaidi kuliko wasiochanjwa.

Aliomba kazi isimame. Dkt. Sabiri, ambaye yuko nasi hapa na ameniruhusu kulisema hili, alimwambia kwa hasira, "Unawanyima watoto chanjo kwa sababu ya panya?" Naye akajibu, "Mama akinipa mkono wa mwanawe nimchome, nataka niweze kumtazama usoni na mwakani pia."

Alikwenda Igalula mwenyewe kuwaeleza. Bi. Batuli, aliyekuwa amemzika binti yake kwa homa ya ubongo, alisimama akasema, "Daktari, tumekungoja wewe, leo unatuambia turudi nyumbani mikono mitupu?" Dada alikaa chini kando yake kwenye mkeka, wakalia pamoja, na aliporudi nyumbani alituambia kwamba siku hiyo alitamani awe amekosea.

Hakuwa amekosea. Dkt. Sabiri alirudia jaribio kwa mikono yake, akapata majibu yale yale, akaja kwa dada akasema, "Tuanze upya." Walianza upya, miaka ikapita, wafadhili wengine wakaondoka, mpaka mwaka 2023 walipopata chanjo ambayo haikuwadhuru panya hata kinga iliposhuka. Majaribio kwa watu wazima waliojitolea yalianza Igalula Agosti 2024, na Bi. Batuli alijitokeza miongoni mwa wa kwanza. Kama chanjo hiyo itawakinga watu, bado hatujui, na dada hakutaka mtu yeyote aseme anajua.

Wakati huo alikuwa tayari anaugua saratani ya ini. Alilazwa hospitali ya Kitete, Tabora, tarehe 20 Januari 2025, na kitandani aliendelea kumuuliza Dkt. Sabiri kama waliochanjwa wameamka salama, hadi alipofariki tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani waliotupikia na kutubeba, watafiti wenzake, na ninyi wa Igalula mliokuja kwa treni kumzika mtu aliyewahi kuwaambia msubiri.

Dada Eustadia, umechoka kwa ajili yetu. Sasa pumzika, kwa amani ya Kristo.