Nafasi ya Kendall Uwanjani

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Lorna Birkholz. Lorna Birkholz wa hapa hapa Pell Creek, Indiana, mama yake Kendall. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Kama umeishi mji huu na Lorna hajawahi kukuuzia kasha la machungwa, basi ulikuwa unajificha chini ya kitanda.

Machungwa yale yalikuwa ya bendi ya shule yetu ya sekondari. Kila vuli bendi inapiga huku ikitembea uwanjani, Ijumaa, mechi ikifika mapumziko. Na kila vuli wazazi wanauza machungwa, wanaosha magari, wanakaanga soseji kwenye kibanda cha uwanjani, ili watoto wapate sare na nauli ya mashindano ya jimbo. Lorna ndiye aliyewaongoza wazazi hao miaka na miaka. Lakini leo nataka tuzungumzie msimu mmoja tu. Msimu ambao Kendall hakuwepo.

Kendall alikuwa mwanawe wa pekee. Alipiga tuba, lile dude la shaba linalovaliwa begani, mdomo wake unachungulia juu ya kichwa cha mpigaji. Alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa Julai, mazoezi yakiwa karibu kuanza. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa, mnaijua desturi yetu. Mtoto wa bendi akifa, nafasi yake haizibwi. Wenzake wanatembea, wanageuka, na pale alipopaswa kuwa yeye panabaki wazi. Hufanywa hivyo onyesho moja tu, watu wakalia, kisha mstari ukafungwa. Mwalimu Tolliver, kiongozi wa bendi wakati huo, hakuwa na moyo wa kuufunga. Akamuuliza mama mtu. Lorna akasema, "Mwacheni kwanza." Basi wakamwacha. Ijumaa ikapita, na nyingine, na nyingine. Oktoba ikaingia, pengo bado linatembea.

Linatembea, nasema! Mlioliona mnanielewa. Safu ya matuba ikipinda, nalo linapinda. Safu ikirudi nyuma, nalo linarudi. Lorna hakuwa na habari na watoto wengine. Macho yake yalikuwa pale tu. Dada yake Opal, aliyekuwa akiketi naye jukwaani, ametuambia hivi: "Nilimwambia, Lorna we, pale hakuna kitu. Akanijibu, 'Nyamaza basi, anageuka.' Mwili ulinisisimka wote, na nilikuwa nimevaa makoti mawili."

Mchana alikuwa Lorna yuleyule. Alipita nyumba hadi nyumba na machungwa yake, na ukimfungulia kwa uso wa msiba alikuwa mkali. "Nunua kwa sababu unakula machungwa," alisema, "si kwa sababu mwanangu kafa." Watu walinunua hata wasiopenda. Nauli ikapatikana.

Pembeni mwa lile pengo, upande wa kulia, alisimama binti aitwaye Marcy Pruitt. Naye alipiga tuba. Watoto hawa hunyoosha mstari kwa jicho la pembeni, bila kugeuza shingo. Kila mmoja anamtegemea jirani yake. Na jirani wa Marcy alikuwa hewa. Miezi mitatu, binti wa watu anajipima kwa hewa.

Jumamosi moja walikuwa wanaosha magari kutafuta hela ya bendi. Marcy kabeba ndoo. Njia ilikuwa nyeupe, lakini akasimama, akasogea kulia, akangoja, ndipo akapita. Lorna akamwona.

"Unampisha nani, mwanangu?"

"Kendall," akasema Marcy, kama anayetaja saa. Halafu akashtuka. "Samahani, Bi Lorna."

Lorna akamtazama vizuri. Mashavu yamebonyea. Mkanda umekazwa hadi tundu la mwisho. Akaogopa, jamani, akaogopa kweli.

Jioni hiyo alikwenda kwa Opal. "Kule uwanjani ndiko pekee ninakomwona," alimwambia. "Kaburini simwoni. Chumbani kwake simwoni. Wakiufunga ule mstari nitamtafuta wapi?" Opal akamuuliza, "Na yule binti je?" Lorna alilia mpaka pua zikaziba. Kesho yake akaenda mazoezini.

Aliingia uwanjani na aproni yake ya kibandani, akasimama ndani ya pengo la mwanawe.

"Marcy, nitazame. Hapa hakuna mtu. Songa."

"Siwezi, Bi Lorna. Nitamkanyaga."

"Mkanyage! Mimi ndiye mama yake, nimekuruhusu."

Akajitoa pale. Marcy, machozi yanamtiririka, akasogea hatua moja. Mstari ukafungwa.

Kwenye mashindano ya jimbo tulikuwa wa nne, na waamuzi wale wanahitaji miwani. Lakini Opal hakumbuki alama. Anamkumbuka dada yake. "Alikuwa akiangaza huku na huku, kama mtu aliyepotelewa na mtoto dukani. Mwishowe akainamisha kichwa. Hakukiinua mpaka wakamaliza."

Baada ya hapo Marcy alimfuata. Lorna akamuuliza jambo moja tu: "Amekwenda?" Marcy akasema, "Amekwenda, Bi Lorna. Amekwenda vizuri." Lorna akamkumbatia. Na miaka yote iliyofuata, ukimgusia msimu ule, alisema, "Angalau nilimwokoa yule binti."

Marcy Pruitt sasa ni mwalimu, mtu mzima mwenye mvi zake. Alikuja hapa studio jana. Haya ni maneno yake, na ameniruhusu kuyasema.

"Nilimdanganya. Kendall hakwenda siku ile, wala hajakwenda. Yuko kushoto kwangu, hata sasa ninapoongea nawe. Ningemwambiaje? Alikuwa ameshampoteza mara mbili."

Wasikilizaji wapendwa, kushoto kwa Marcy palikuwa na kiti. Fundi mitambo alikuja kukiondoa apitishe nyaya zake. Nilimwambia akiache.

Kwa Opal, kwa ukoo wa Birkholz, kwa wote mliokula machungwa ya Lorna, poleni sana. Na usiku huu mfikirieni mtu aliyewahi kuwaambia amepona, ili ninyi mpate kulala. Mpigieni simu.

Ijumaa hii bendi itapiga kwa kumkumbuka Lorna. Watoto walikuwa wamepanga kumwachia nafasi katikati ya mstari, kwa heshima. Marcy alipolisikia hilo alisimama pale mlangoni, begi tayari begani.

"Asithubutu mtu," alisema. "Kuna mtoto atasimama kando yake. Waambie waufunge."