Mama wa Mrushaji Hashuki

Kwenye basi la mjini Mobile, mama mmoja mwenye kofia ya chuo alikuwa ameshika redio ndogo kama anayebeba yai. "Huyo anayerusha mpira ni Tyrell wangu," alimwambia mzee aliyekaa karibu naye, ambaye wala hakuwa ameuliza. "Juzi alikuwa chuoni, leo yuko ligi ya kulipwa ya besiboli, mechi yake ya kwanza!"

"Hongera, mama. Awamu ya saba kati ya tisa hii, na wapinzani bado hawajapiga hata mpira wake mm—"

Mama alimziba mdomo kwa kiganja. "Koma! Hilo halitamkwi mpaka mechi iishe. Unataka kumtia mwanangu nuksi?"

"Nuksi gani? Kijana ana mkono!"

"Mkono huo nimeuzaa mimi. Wewe nyamaza."

Mabega ya mzee yalicheka. Hata mimi niliyekaa nyuma yao, shabiki wa hao wapinzani, nilibana pumzi.

Basi lilisimama, dereva akazima injini. "Mama, hii ni mara ya tatu tunafika mwisho wa njia. Leo hushuki?"

"Alipoanza kurusha nilikuwa kiti hiki hiki. Siinuki."

Mzee alikuwa ameshasimama. Akakaa tena, pale pale.