Fanueli Shekiondo na Chipu za Ukoo wa 8051

Marehemu Mzee Fanueli Shekiondo alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 Magamba, mtoto wa pili wa Mzee Kristian na Bibi Paskalina, wakulima wa viazi na kabichi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Magamba na sekondari Lushoto, kisha akaenda Arusha kusomea ufundi umeme, akahitimu mwaka 1981.

Alianza kazi kwenye kiwanda cha chai upande wa Kwamkoro, akitunza mitambo ya kukaushia majani. Baadaye mitambo ilipofungiwa vifaa vya kisasa, akazipenda chipu za 8051, vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi vinavyoongoza mashine. Hata usipomuuliza angekueleza kwamba chipu hizo ni ndugu wa ukoo mmoja. 8051 hutoka kiwandani na maagizo yake ya kazi ndani. 8031 haina, huyasoma kwenye chipu ya jirani. 8751 ina kidirisha cha kioo, na mwanga wa jua ukiingia muda mrefu hufuta kila kitu. 8052 ni mdogo wao mwenye kumbukumbu kubwa. “Huyu mdogo anaweza kushika kazi ya kaka zake,” alikuwa akisema, “ila wao hawaiwezi yake yote.”

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Beatha katika usharika wa Lushoto. Siku ya kujitambulisha ukweni alikuta redio mbovu, akaifungua kabla hajasalimia. Baba mkwe akamuuliza, “Kijana, umekuja kuoa au kutengeneza redio?” Akaruka kutoka kitini: “Shikamoo baba! Vyote viwili.”

Mwaka 1994 alirudi Lushoto na kufungua karakana. Julai 2009, wakati wa baridi kali, aliitwa kwenye kituo kimoja cha afya milimani. Mashine ya joto ya watoto njiti ilikuwa imezima, na mama mmoja, Mwanaheri, alikuwa amejifungua binti kabla ya wakati. Ndani ya mashine Fanueli alikuta 8751 ambayo karatasi ya kufunika kidirisha chake ilibanduka zamani. Jua la dirishani lilikuwa limefuta maagizo. Stoo kulikuwa na mashine ya toleo jipya la aina ile ile, iliyovunjika, ndani yake 8052. Akaihamishia chipu hiyo kwenye mashine iliyozima. Taa zikawaka, wauguzi wakashangilia.

“Mzee, nimlaze sasa?” Mwanaheri aliuliza.

“Bado, mwanangu. Mwache kifuani kwako. Joto lako nalijua, la mashine bado silijui.”

Akaketi na kipimajoto mchana kutwa, chakula hakugusa, mpaka aliporidhika. Ndipo akasema, “Haya, mlaze.” Binti huyo, Zainabu, sasa yuko sekondari.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, na daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Siku aliposhindwa kuweka skrubu mahali pake alilia, kisha akagawa vifaa vyake kwa mafundi vijana. Mkewe Beatha ndiye aliyemfungia vifungo vya shati kila asubuhi. Mzee alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 11 Machi 2025, mkewe akiwa amemshika mikono hadi ikatulia.

Ameacha mjane, Beatha. Watoto, Happiness na Alen. Mdogo wake, Martin. Na wajukuu ambao bado wanauliza babu atarudi lini.

Bwana alitupatia baba mpole, naye amemchukua. Ampe pumziko lenye amani. Amina.