Akili Tatu, Mwandiko Mmoja

Benchi lilikaa nje ya duka la fundi cherehani, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Fundi mwenyewe aliitwa Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia iliyomkaa shingoni asubuhi hadi jioni. Kulia kwake alikaa Spana, fundi wa magari. Kushoto alikaa Hakimu, ambaye, ili kila mtu apewe haki yake, hakuwa hakimu. Alikuwa tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya watu miaka thelathini na mmoja akarudi nyumbani na tabia ya kutoa hukumu. Kahawa ilimiminwa na Mama Buli, na jina hilo halihitaji maelezo. Siku hiyo, saa tano asubuhi, Futi alikuwa na karatasi tatu mapajani, na hakuna aliyetaka kuzigusa.

Karatasi zilitoka kwa binti yake. Alianza na ualimu wa hesabu, akaenda kusomea namna ya kupima akili na tabia za watu kwa maswali, kisha akaingia kwenye ubongo wenyewe. Sasa alikuwa profesa. Tangu hesabu zake zilipompita baba yake, akiwa darasa la saba, Futi hakupata tena kumsaidia kazi yoyote ila kupinda pindo la joho. Jana yake alikuja na ombi: kati ya watu arobaini wa utafiti wake bado hajapata watatu, na zamu yake ya kutumia mashine ya ubongo ni keshokutwa. “Kila mtu ajibu peke yake, baba, bila kuongea na mwenzake. Nitapita kesho saa sita.” Futi alikubali kabla binti hajamaliza kusema.

— Sentensi ishirini tu, alisema Futi. Unakubali, au hukubali, kidogo au sana. Jazeni, ndugu zangu.

— Kwanza tuelezwe, alisema Spana. Wewe unapima kiuno, tunakiona. Akili yeye anaishika wapi?

— Anauliza maswali. Halafu mtu analazwa kwenye mashine, inapiga picha ubongo ukifanya kazi.

— Unafanya kazi gani nao umelala?

— Aliyelala ni mtu. Ubongo unafikiri.

— Wa Spana unalala hata yeye akisimama, alisema Mama Buli, akimmiminia.

Hakimu alikohoa kidogo, kama mtu anayeingia barazani.

— Mashine hizo nazijua. Zinachapa mawazo. Mtu akimuwaza mkewe, inatoka mistari mitatu. Akimuwaza wa jirani, inatoka kurasa.

— Uliiona wapi?

— Faili lake nililibeba.

— Mimi naona mengine, alisema Spana. Gereji kwangu, mtu akisema nikukagulie gari bure, ujue anatafuta vipuri. Injini nzima ndiyo inayong’olewa; mbovu haiguswi. Anayefaulu karatasi hii ndiye atakayefunguliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Ubongo uko mvunguni mwa fuvu. Mimi siinami.

— Huyo ni mwanangu, bwana. Hata kuku akichinjwa alikuwa hawezi kutazama.

— Ndiyo maana akasoma, alisema Hakimu. Ili aweze.

Mama Buli aliweka buli chini.

— Mimi nasikia wakikutoa kipande wanakuwekea cha mwingine. Unaamka unajua kushona suruali, mkeo humjui jina.

— Na atakayewekewa changu? aliuliza Spana.

— Atakirudisha siku hiyohiyo.

Spana aliikataa karatasi aliyonyooshewa na Futi. Hakimu naye akatangaza kwamba anajitoa katika shauri hili. Futi alichungulia saa ya ukutani dukani: saa sita kasorobo. Alijiona akisimama mbele ya mwanawe mikono mitupu.

Hapo Hakimu akainua kidole.

— Kuna njia. Washtakiwa watatu wakitoa maelezo yaleyale, mahakama haina wa kumfunga. Tujibu sawasawa karatasi zote. Atakosa wa kumchagua.

— Alisema kila mtu peke yake.

— Penye wengi hapaharibiki neno. Leta kalamu, na niandike mimi. Wenu mwandiko hausomeki.

Futi alitazama tena saa. Akatoa kalamu.

— “Napenda kuwa peke yangu,” alisoma Hakimu.

— Hamkubali, alisema Mama Buli. Mngependa, mngekuwa hapa tangu saa moja?

— Wewe huna karatasi.

— Lakini nawajua.

Hakimu akaandika, mara tatu.

— “Naogopa mbwa.”

Wawili wakakataa. Spana akatazama barabarani kwanza.

— Spana?

— Mbwa gani?

— Basi, tunaogopa sote. “Watu hawanibadilishi mawazo kwa urahisi.”

— Hapo sikubali, alisema Spana. Mimi watu hunibadilisha.

— Mtu mzima huna msimamo?

— Basi nakubali.

— Kidogo au sana?

— Nyie mnaonaje?

— Sana.

— Sana, basi.

Walimaliza zikiwa zimebaki dakika tano. Futi alizipepea karatasi wino ukauke, akazilaza vizuri kama kitambaa cha mteja mkubwa. Spana alimwambia jirani aliyekuwa akipita kwamba wamefanya utafiti.

Profesa alikuja kwa miguu, faili kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, walijibu wote.

Alizipokea kwa mikono miwili, akasoma kwa kusimama. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliigeuza nyuma, akarudi kwenye ya kwanza.

— Zimejaa zote, alisema Futi. Hakuna hata sentensi moja iliyorukwa.

— Naona, baba. Ahsante.

Akazipanga juu ya benchi, katikati ya vikombe.

— Yako ni ipi, baba?

Spana alinyoosha kidole kwenye ya kati, akakirudisha. Hakimu alivaa miwani, akautazama mwandiko wake mara tatu, asitoe hukumu. Mama Buli, aliyewajua wote, alianza kuosha vikombe visafi. Futi aliinama juu ya karatasi, akapita sentensi moja moja kwa kidole, akitafuta hata moja aliyoijibu yeye. Alipomaliza ya tatu akaanza upya ya kwanza, na binti yake akasogeza vikombe, akakaa kumsubiri.