Wawili Ndani ya Mashine

Tiii! Mlio mmoja tu wa kompyuta, usiku, umeme uliporudi mtaa wa Mchafukoge. Hillary, aliyelala juu ya duka la dawa la Harshad, akangoja printa iitikie. Haikuitika. Asubuhi maagizo ya mikoani yalikuwa yamenasa kwenye kompyuta, na Harshad alikwisha kusema: ikigoma tena anaing'oa mashine yote, na Hillary, fundi wake, arudi kwao Rombo. Hillary akajikunyata kwenye benchi la muuza kahawa mbele ya duka, kama mtu aliyefiwa.

— Umeme mchafu huo, dogo — alisema Koili, fundi friji.

— Umeme wapi! — akadakia Profesa Antena, mjuaji wa kijiwe. — Tangu ubinafsishaji uingie, hata programu zimejua kugoma. Zinataka kiinua mgongo!

Wakacheka. Hillary hakucheka.

— Mle ndani zimo programu mbili zinazofanya kazi kimyakimya. Zilitakiwa ziamke kwa zamu: ya stoo kwanza, ya printa baadaye. Umeme ukirudi zinakurupuka pamoja. Hii inaishikilia stoo, inangoja printa. Ile inaishikilia printa, inangoja stoo.

— Mbona juzi ilikubali? — Koili akambana.

— Moja iliwahi. Bahati tu, mzee wangu.

— Si uzipange upya? — akauliza Antena.

— Aliyeziandika aliondoka na maandishi yake. Mimi nimeachiwa chakula kilichokwisha kuiva, mapishi sina.

Harshad alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe chake.

— Shikamoo, mzee — Hillary akainuka.

— Marahaba. Zitangojana mpaka lini?

— Mpaka moja iachie. Zenyewe hazichoki, mzee.

Candida, nesi mgeni aliyefuata dripu za zahanati yake, akauliza:

— Sasa huyo aliyeandika si aitwe? Ni nani?

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Koili akaangalia viatu vyake. Aliyeziandika ni mtoto wa Harshad. Tangu afukuzwe nyumbani kwa kumwoa Brightness wa Moshi, jina lake halikutajwa mbele ya baba yake, na baba mwenyewe hakulitaja.

— Namba yake unayo? — Harshad aliuliza taratibu.

— Ninayo, mzee. Lakini mimi hunikatia simu. Anasema mpaka asikie sauti yako.

Kahawa ilipoa mkononi mwa mzee. Hatimaye akanyoosha mkono. Hillary akabonyeza namba, akampa simu. Ikaita, ikaita, ikapokewa. Upande wa pili kimya. Upande huu kimya. Midomo ya Harshad ikacheza bila sauti, kisha:

— Vivek.