Bi. Ubukata Fumie, Mama Mwenye Nyumba wa Segawa

Bi. Ubukata Fumie, ambaye tumekusanyika kumuaga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa hapa Segawa, mtaa wa chini ya tuta la mto Nagure. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Soejima Tokuzo, fundi wa mikeka ya tatami, na marehemu Sada. Kaka yake, Mzee Eikichi, anasimulia kwamba mdogo wake alilia kwa sauti kubwa hata watu wa ng'ambo ya mto wakajua kwa fundi mikeka kumepatikana mtoto. Sauti hiyo hakuipunguza maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi na sekondari ya hapa mjini, akamaliza Machi 1956. Alitamani kuendelea, lakini baba aliumwa mgongo, naye akaanza kuuza magazeti kwenye kibanda cha stesheni. Masomo ya juu aliyapata jioni baada ya kazi. Pale kibandani aliona kila asubuhi mji mzima ukipanda treni kwenda Tokyo, na kila jioni ukirudi umechoka hoi. Wengi walikuwa wapangaji waliotoka mikoa ya mbali, wakiishi peke yao. Alisema kilichomuuma ni kuona watu wanaondoka bila wa kuwaaga na kurudi bila wa kuwapokea.

Tarehe 3 Novemba 1966 alifunga ndoa na marehemu Ubukata Masaru, fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Kwa bahati nzuri Bi. Fumie alikuwa nayo ya kuwatosha wawili. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 1971 walijenga karibu na mto nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vya kupangisha, na Bwana Masaru alipofariki mwaka 1989, mkewe aliiendesha peke yake.

Kazi yake ilikuwa hiyo, na ni kazi ambayo hadi leo inatuacha midomo wazi. Kila alfajiri alisimama mlangoni. Mpangaji akisema, "Naenda, nitarudi," yeye alijibu, "Nenda urudi salama." Jioni, aliyesema "Nimerudi" aliambiwa, "Karibu nyumbani." Ni maneno ya kila nyumba yenye watu, lakini anayeishi peke yake hana wa kumjibu. Bwana Tsukuda Ryohei, aliyekuja kutoka Kagoshima akiwa kijana, siku ya kwanza aliingia kimya kimya.

"We kijana!" Bi. Fumie akamfokea. "Unaingia kama mwizi? Hebu toka nje, uingie upya!"

Tsukuda alitoka, akavaa viatu, akavivua tena. "Nimerudi, Mama."

"Haya, karibu nyumbani. Ona ulivyokonda! Huko kazini hawali?"

Bwana Tsukuda anasema alipanda ngazi akilia, kwa kuwa tangu afiwe na mama yake hakuna aliyewahi kumpokea hivyo.

Mwaka 2016 ikaamuliwa tuta lipanuliwe, na nyumba zote za mtaa wa chini zivunjwe. Hadi mwaka uliofuata Bi. Fumie alizunguka mji mzima kuwatafutia wapangaji wake vyumba, mmoja mmoja. Alipompatia wa mwisho chumba, ndipo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hana pa kwenda. Mpwa wake, Chidori, alimsihi ahamie kwake Sendai, akakataa katakata. Basi Chidori akajitolea kuwa mdhamini wake wa kodi, wakaenda kwa mawakala wa nyumba. Kila mmoja aliinama kwa adabu na kusema kwamba tatizo si mdhamini, tatizo ni umri: wenye nyumba hawapangishi mzee wa miaka sabini na sita anayeishi peke yake. Mwanamke aliyeipa nusu ya mji mahali pa kulala alikosa chumba cha kuweka kichwa chake. 

Bwana Tsukuda na nesi Akamine Nozomi, aliyekuwa mpangaji wa ghorofani, walimpeleka kwa Mzee Hirukawa, mwenye chumba cha chini kwenye njia ya stesheni.

"Bibi huyu namheshimu," Mzee Hirukawa alisema. "Lakini akifia humu, akakaa wiki nzima bila mtu kujua, chumba changu nitampangishia nani tena? Popo?"

"Hata mimi sitaki kukaa wiki nzima nimekufa," Bi. Fumie akajibu. "Kwa hilo tumeelewana."

"Hatakaa hata kidogo, mzee wangu," Tsukuda akasema. "Sisi wapangaji wake wa zamani sote tunapita hapa tukienda kupanda treni. Atatuaga dirishani kama zamani. Siku asipojibu, tunakugongea wewe."

Mzee Hirukawa aliguna kwamba siku ya kwanza kila mtu huahidi, lakini akatoa ufunguo. Na sisi wa familia, tuseme kweli, hatukuamini. Walipita miaka sita na zaidi. Walipita kwenye theluji. Asubuhi moja ya kimbunga, treni zote zimesimama, Bwana Tsukuda alifika dirishani amelowa chapachapa. "Naenda, Mama."

"Unaenda wapi nawe, treni hakuna?"

"Naenda hapo kwenye kona, halafu narudi."

Tangu mwaka 2021 moyo wake ulidhoofika, akawa anawaaga akiwa ameketi. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023, nesi Akamine aliita mara mbili, hakujibiwa. Hakuendelea na safari yake. Alimgongea Mzee Hirukawa, wakafungua, wakamkuta amelala kitandani kwake, mwili ungali na joto. Waliofuata walisimama dirishani mmoja baada ya mwingine, na treni ikaondoka bila wao.

Bi. Fumie ameacha kaka yake Mzee Eikichi, wifi yake Kinue, mpwa wake Chidori, na wapangaji ambao familia imeshindwa kuwahesabu.

Jana, kwenye mkesha, Mzee Hirukawa alimvuta Chidori kando. "Mwanangu, kuna mzee wa miaka sabini na tisa aliyefiwa na mkewe, mawakala wote wamemkataa. Nataka kumpa chumba cha shangazi yako. Ila naogopa. Hawa watu, sasa mwenyewe hayupo, watapita tena?"

Bwana Tsukuda alikuwa nyuma yao akivaa viatu. Akainua kichwa, macho mekundu, akauliza, "Anaitwa nani, mzee? Tusije tukamwita vibaya."

Anaitwa Bwana Komuro Haruji, na anahamia Jumatatu. Mama Fumie apate pumziko jema.