Fomu ya Dairekta

Kijiwe chetu ni benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa jengo la ghorofa mbili, pale barabara inapokata kona, na mguu wake mmoja umeungwa kwa waya. Kushoto kuna kibanda cha kinyozi cha Profesa, aliyepata jina hilo kwa sababu hamnyoi mtu bila kumhutubia. Kulia kuna Breki, fundi baiskeli, na pampu yake ya chuma haitoki mkononi hata akiwa anakunywa. Katikati nipo mimi na meza yangu ya kupigia pasi. Wananiita Pasi, na jina langu halisi nadhani hata mke wangu siku hizi analitafuta. Kahawa anatuuzia Mama Birika, mwanamke asiyecheka na mtu kabla hajamaliza kumimina. Siku ninayoisema, saa nane na nusu mchana, alikuja Mzee Ratiba na bahasha ya kaki, akaketi, akasema anataka ushauri. Miaka thelathini huyu bwana alikuwa akitangaza mabasi kituoni, ndiyo maana hata kupiga chafya kwake kuna saa yake.

— Ndugu zangu, alisema, leo ndiyo mwisho. Dirisha la chuo linafungwa saa kumi kamili. Binti yangu kajaza fomu yote isipokuwa mstari mmoja tu. Chaguo la kwanza la kozi.

— Si ajaze mwenyewe? Breki aliuliza. Tangu akiwa mdogo hivi alikuwa anatusumbua na simu yake, geuka huku, cheka, usicheke. Si tulimwita Dairekta sisi wenyewe?

— Kajaribu. Anataka uongozaji wa filamu, lakini tangu siku ile mwigizaji wake alipopigwa, akifika mstari huo anaweka kalamu chini. Kaniambia, baba, jaza wewe, ila kwanza uwaulize wenzako wa kijiweni.

— Sisi? alisema Profesa. Sisi tumeingiaje?

— Hata mimi nimeshangaa. Ngoja niwasomee. "Wanaochagua uongozaji waambatanishe filamu waliyoipiga wenyewe, isiyozidi dakika kumi." Na filamu anayo moja. Ile ile ya siku hiyo.

Kahawa ilinipalia nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Breki aliweka pampu chini. Profesa alianza kusafisha miwani ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

Hapa lazima niwaambie, maana Mzee Ratiba hakuwa anajua yote. Siku ile alikuwa safarini kumzika shangazi yake. Dairekta alikuwa dirishani, ghorofa ya juu ya jengo hili hili, simu mkononi, akimpiga picha mtu anayekimbia. Sisi hatukujua. Tulichoona ni mwanamume tusiyemfahamu anakuja mbio na begi dogo kifuani. Wiki hiyo suruali mbili za mteja wangu zilikuwa zimepotea, na tangu asubuhi nilikuwa sina raha. Nikapiga kelele, mwizi! Neno moja tu. Breki akainuka na pampu. Profesa akamwacha mteja nusu kanyolewa. Dairekta aliposhuka ngazi akilia kwamba ni filamu, ni filamu, mtu alikuwa chini na mkono wake umeelekea upande ambao mkono hauelekei. Begi lilikuwa limefunguka, na ndani mlikuwa na nguo za mtoto mchanga. Katika filamu alikuwa baba anakimbilia hospitali, mkewe kajifungua.

Dairekta na Mama Birika ndio waliompeleka kutibiwa. Sisi tulirudi kwenye kazi zetu. Jioni yake nikainama kuokota kibanio, nikazikuta zile suruali chini ya meza yangu, zimefungwa kwenye gazeti, nilikoziweka mwenyewe. Sikumwambia mtu. Mwenye suruali alipozifuata alinishukuru kwa kumtunzia.

Tangu hapo akiuliza mtu tunasema walikuwa watu wa mtaa wa pili. Lakini simu ya yule binti ilikuwa inarekodi, na kwa wiki tatu sijalala usingizi wa maana.

— Mzee Ratiba, alianza Profesa, na sauti ilikuwa imempungua uzito. Uongozaji si kozi. Uongozaji ni kipaji. Msomeshe mtoto sheria kwanza.

— Sheria?

— Filamu nzima ni mikataba! Asome sheria miaka mitano, afanye kazi miaka kumi, halafu hiyo filamu ataipiga akiwa ametulia. Atapiga nyingine, mpya. Hii ya sasa aifute.

— Aifute kwa nini?

— Picha zake zitakuwa za kitoto. Atajiaibisha.

— Mimi sikubaliani na sheria, alisema Breki haraka. Asome upimaji wa ardhi. Umewaona wale vijana na kile chombo chao cha miguu mitatu? Kutwa kucha jicho moja liko kwenye kioo, mwingine kasimama mbali anaambiwa sogea kulia, sogea kushoto. Si ndio udairekta huo? Na hawapigi watu picha, wanapima viwanja tu.

— Kiwanja hakiwezi kumpeleka mtu polisi, alisema Mama Birika, akimimina.

Tulijifanya hatukumsikia.

— Binti anapenda watu, si viwanja, alisema Ratiba. Naona kuna uhariri hapa. Kuna upigaji picha. Kuna sauti. Labda aanze na sauti, ni kozi fupi...

— Sauti hapana! nilisema.

Wote walinigeukia. Hata mimi nilijishangaa.

— Namaanisha, inaharibu masikio, nilisema. Nina shemeji yangu aliingia mambo ya sauti, leo ukimwita lazima umguse bega. Sauti asiiguse kabisa.

— Na picha pia, alidakia Breki. Zinaua macho.

— Sasa filamu isiyo na picha wala sauti itabaki nini? aliuliza Ratiba.

Lilikuwa swali zuri, na Profesa akaona bora aendelee mbele kuliko kurudi nyuma.

— Nyuki, alisema.

— Nyuki?

— Kozi ya ufugaji nyuki. Nakwambia kitu nilichokifikiria sana. Mzinga mmoja una nyuki maelfu, wote wana hasira, wote wana silaha, na mfugaji anawapanga bila kusema neno. Anayeweza nyuki atashindwaje waigizaji? Miaka miwili ya nyuki, Mzee Ratiba, na binti yako atakuwa dairekta ambaye hajawahi kutokea.

— Nyuki wanauma, alisema Breki. Asome meno. Wewe fikiria. Mtu kalala chali, taa kubwa usoni, mdomo wazi, anaambiwa fumbua anafumbua, kaza anakaza. Taa ipo, mwigizaji yupo, maelekezo yapo. Tena yule mtu hawezi kusema chochote baadaye.

— Na wewe Pasi? Ratiba aliniuliza. Wewe mwanangu anakuheshimu.

Nilikuwa nanyoosha kola ya shati, na kola hiyo nilikuwa nimeshainyoosha mara tatu. Nilijua kabisa jibu la haki. Huyu binti angekuwa dairekta hata angefungiwa kwenye stoo. Lakini niliiona ile simu ikichezwa kwenye chumba chenye giza mbele ya walimu, na sauti yangu ikitoka pale wazi kabisa, kila mtu akigeuka kumtafuta mwenye sauti. Niliogopa, sina namna nyingine ya kulisema.

— Uhasibu, nilisema. Umetulia. Hauna filamu.

Ratiba aliishika kalamu. Aliitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Nilimwona anateremsha kalamu kwenye mstari, ndipo mtu mmoja akasimama mbele ya benchi akasalimia.

— Hamjambo wazee wangu. Kuna nafasi?

Alikuwa mwanamume mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka shingoni. Tukasogea. Mama Birika alimtazama kidogo, akampa kikombe bila kuulizwa. Alikipokea kwa mkono wa kushoto.

— Karibu mgeni, alisema Profesa, kwa furaha ya mtu aliyepata hadhira mpya. Tusaidie. Huyu mzee anataka mwanawe asomee filamu. Mwambie hatari zake! Hapa hapa, wiki tatu tu zilizopita, mwigizaji aliponea chupuchupu. Watu wa mtaa wa pili walimpiga karibu wamtoe roho. Washenzi kweli wale.

— Pole yake, alisema yule mtu. Walimpigia nini?

— Si walidhani mwizi.

— Alikuwa ameiba nini?

Profesa alifungua mdomo. Akamtazama Breki. Breki akaitazama pampu. Mimi nilitazama kola ya shati.

— Kitu fulani, alisema Profesa.

— Kitu gani?

— Wale wa mtaa wa pili ndio wanaojua.

— Mjibuni mgeni, alisema Mama Birika. Kauliza vizuri.

Nilimtazama yule mtu usoni. Sura sikuitambua, na hapo ndipo nilipogundua: tulimpiga mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama usoni. Nilichokitambua ni mkono wa kulia, uliokuwa umelala mapajani na vidole vyake vimejikunja kidogo, bila kufanya kazi yoyote.

Ratiba hakuwa ameona lolote. Yeye alikuwa amerudi kwenye fomu yake, maana ni mtu wa kusoma mpaka nukta ya mwisho.

— Kumbe kuna mstari mwingine huku chini, alisema. "Filamu iambatane na idhini ya maandishi ya kila mtu anayeonekana au kusikika." Aa, ndiyo maana ya hizi karatasi.

Akazitoa kwenye bahasha. Zilikuwa nne.

— Hii imeshatiwa sahihi. Mwigizaji, aliyekimbia. Na hizi tatu bado.

Akasoma majina kwa sauti, jinsi alivyozoea kutangaza mabasi, ila sauti ilishuka kila jina.

— Breki. Profesa. Pasi.

Akarudia kuzitazama.

— Mtaa wa pili, alisema.

— Mzee wangu, alisema yule mtu, mimi ndiye niliyekimbia. Binti yako kasema hawezi kupeleka filamu bila wao kukubali, na hatawalazimisha. Kaniomba nisije. Nikaona nije. Nilikuwa nasambaza mikate kwa baiskeli, sasa mkono haushiki breki, kwa hiyo muda ninao.

Breki aliposikia neno baiskeli aliisukuma pampu kwa mguu mpaka ikaingia chini ya benchi.

Nilidhani Ratiba atatukana. Ningependa atukane. Badala yake alisogea mpaka ncha ya benchi, akaikumbatia ile bahasha kifuani, na nikaona kwamba anatuogopa. Watu aliokunywa nao kahawa miaka yote hiyo.

— Mwanangu alikuwa juu pale, alisema. Peke yake, simu mkononi. Mngeinua macho mkamwona anawapiga picha, mngemfanya nini?

— Mzee Ratiba, usiseme hivyo, alisema Profesa. Sisi tumemlea.

— Nimeuliza.

Profesa alivua miwani, na safari hii hakuisafisha. Ratiba akaiweka fomu juu ya goti, akaandika kwenye ule mstari, herufi moja moja, kwa kubonyeza: uongozaji wa filamu. Kisha akaziweka karatasi tatu juu ya meza yangu, na kalamu juu yake.

— Saa tisa na nusu, alisema. Kutoka hapa mpaka chuoni ni dakika ishirini kwa mguu.

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye shati la watu. Nilijiambia nikikataa, hakuna atakayesikia chochote, na binti atasoma uhasibu, na watu wanasoma uhasibu na wanaishi. Halafu nikafikiria atakavyopita hapa kila asubuhi na madaftari ya uhasibu, anatuamkia, shikamooni, na sisi tunaitikia marahaba.

Nikaichukua kalamu. Pale palipoandikwa "nafasi yako katika filamu" nikaandika: aliyepiga kelele ya kwanza. Nikatia sahihi.

Breki alisoma nilichoandika, akafuta mikono kwenye suruali, akaandika cha kwake na kukifunika kwa kiganja. Profesa alichukua muda mrefu kuliko wote. Tulidhani anatunga hotuba. Alipomaliza kulikuwa na neno moja tu, nilimpiga.

Ratiba alizikusanya, akazipanga sawasawa na fomu, akafunga bahasha. Alisimama aondoke. Hakuaga mtu isipokuwa Mama Birika.

— Samahani, alisema yule mtu, na alikuwa ananitazama mimi. Wewe ndiye uliyeanza. Hukunijibu. Nilikuwa nimeiba nini?

— Suruali mbili, nilisema. Za mteja wangu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Alikinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, akamalizia kahawa, akakirudisha kwa Mama Birika.

— Zilipatikana?

Macho yangu yalikwenda yenyewe chini ya meza, pale pale, nikayarudisha. Mzee Ratiba alikuwa ameshapiga hatua mbili barabarani. Akasimama na bahasha yake, saa inakwenda, akanigeukia.

— Pasi, alisema. Unaulizwa.